Celtel, Zain, Airtel: laini moja, majina matatu

Swali la msomaji: «Laini yangu niliinunua Arusha ikiwa ya Celtel. Baadaye nikaambiwa ni Zain, kisha Airtel, na namba haijabadilika hata tarakimu moja. Je, hii ni kampuni iliyokua mpaka ikaenea Afrika, au ni kampuni iliyoshindwa ikawa inapitishwa kutoka mkono huu kwenda mkono ule? Na kama ni kubwa kiasi hicho, mbona nchini Kenya bado inaifuata Safaricom kwa mbali?»

Ndugu msomaji, kampuni hiyo ilikua, tena kwa kasi ambayo wenye fedha wengi wa wakati ule hawakuitarajia. Lakini kila ilipofika kimo fulani, fedha zilizoifikisha hapo zilikuwa zimemaliza kazi yake, na ndipo jina lilipobadilika. Celtel ni jina la fedha za wanahisa waliothubutu mapema. Zain ni jina la fedha za Kuwait zilizotaka kupanuka upesi. Airtel, kwa miaka yake ya mwanzo, ni jina la mikopo ya benki iliyochukuliwa kwa dola na kutakiwa ilipwe kwa mapato ya shilingi, naira na kwacha. Nitazifuata fedha hizo kwa mpangilio wake, kwa kuwa ndizo zinazojibu hata sehemu ya pili ya swali lako.

Mo Ibrahim, mhandisi mzaliwa wa Sudan, alikuwa mkurugenzi wa ufundi wa Cellnet, tawi la simu za mkononi la British Telecom, kabla ya kuondoka na kuanzisha kampuni ya ushauri iliyoitwa MSI mwaka 1989. Kazi ya MSI ilikuwa kuwachorea wengine mitandao: mnara ukae wapi, masafa yagawanywe vipi, wateja wangapi wanaweza kuzungumza kwa wakati mmoja pasipo simu kukatika. Katika shughuli hiyo Ibrahim na wenzake waliona jambo la ajabu. Serikali za Afrika zilikuwa zinatoa leseni za simu za mkononi kwa bei nafuu, na makampuni makubwa ya Ulaya yalikuwa hayazitaki. Ibrahim mwenyewe amewahi kusimulia kwamba kigogo mmoja wa sekta hiyo, aliposhauriwa kuichukua leseni ya Uganda, alianza kumzungumzia Idi Amin, ambaye wakati huo alikuwa ameondolewa madarakani tangu 1979. Mwaka 1998 ikaundwa kampuni ya kuwekeza katika leseni hizo, MSI Cellular Investments, ambayo mwaka 2004 ilichukua jina la Celtel, jina lililokuwa likitumika Uganda tangu huduma ilipoanza huko mwaka 1995. Ile kampuni ya ushauri yenyewe iliuzwa kwa Marconi, kampuni ya Uingereza ya mitambo ya mawasiliano, mwaka 2000 kwa zaidi ya dola milioni 900.

Benki za kibiashara hazikuwa tayari kuikopesha mitandao ya Zambia, Malawi, Chad au Sierra Leone kwa muda mrefu, kwa hiyo Celtel ilijengwa zaidi kwa mtaji wa hisa kuliko kwa mikopo. Miongoni mwa waliotoa mtaji huo walikuwamo CDC, shirika la Serikali ya Uingereza la kuwekeza katika nchi zinazoendelea, na IFC, tawi la Benki ya Dunia linalowekeza katika kampuni binafsi. Mtaji wa namna hii una uvumilivu, kwa sababu hauna riba ya kila mwezi, lakini una masharti yake: mwenye hisa hutaka kuona jinsi fedha zinavyotumika, na siku moja hutaka kuondoka na faida yake. Sharti la kwanza lilizaa kanuni iliyokuja kuwa maarufu, kwamba malipo yoyote yanayozidi dola 30,000 hayatoki bila idhini ya bodi, kanuni iliyowakinga mameneja wa nchi mbalimbali dhidi ya wenye vyeo waliokuwa wakiomba «chai». Sharti la pili, lile la kuondoka, tutalikuta mbele.

Naomba tusimame kidogo kwenye mnara wenyewe, kwa sababu bila kuuelewa, habari yote ya ukuaji hugeuka kuwa orodha ya manunuzi. Mnara uliojengwa mahali pasipo na umeme wa gridi una jenereta, tangi la dizeli, betri, uzio, mlinzi, na gari linalopaswa kupanda mlima huo kuleta mafuta hata mvua ikiwa imekata barabara. Nchini Kongo, Celtel ililazimika kutumia helikopta kupeleka mitambo mahali ambapo barabara haikuwepo kabisa. Gharama zote hizo huwa karibu zile zile, wapige simu watu 200 au watu 2,000. Kwa hiyo mnara mpya hula fedha mpaka pale waliouzunguka watakapokuwa wengi wa kutosha na wenye salio la kutosha. Vocha ya kukwangua ndiyo iliyoharakisha jambo hilo, kwani ilimwezesha mtu asiye na mshahara wala akaunti ya benki kununua mazungumzo kwa fedha aliyonayo siku hiyo, na kampuni ikapokea fedha zake kabla ya simu kupigwa. Biashara ya Celtel, ukiondoa mapambo, ilikuwa ni kusimika minara mbele ya wateja kisha kungoja wateja waijaze, na mtaji wa wanahisa ndio uliolipia muda huo wa kungoja.

Mfano ninaoupenda zaidi wa kipindi hicho ni wa Mto Kongo. Kinshasa na Brazzaville ni miji mikuu miwili inayotazamana ng'ambo kwa ng'ambo. Mtu akisimama ukingo huu huona majengo ya ukingo ule. Hata hivyo simu kutoka mji mmoja kwenda mwingine ilikuwa inapandishwa kwenye setilaiti, inapitishwa ng'ambo ya bahari, kisha inarudishwa, na mpigaji alilipia safari yote hiyo. Celtel ilikuwa na leseni pande zote mbili, ikaweka kiungo cha mawimbi kinachovuka mto moja kwa moja, na gharama ya simu hizo ikaporomoka. Hapo ndipo kuwa na nchi mbili kulipoanza kuwa na faida ambayo kampuni ya nchi moja isingeipata.

Tanzania iliingia mwaka 2001 kwa njia tofauti. MSI, pamoja na Detecon ya Ujerumani, ilinunua asilimia 35 ya hisa za TTCL, shirika la simu la taifa, na mtandao wa simu za mkononi ukazaliwa ndani ya mpango huo. Mwaka 2005 Celtel Tanzania na TTCL zilitenganishwa, Serikali ikabaki na asilimia 40 ya hisa za Celtel Tanzania. Mkumbuke mbia huyo, kwa kuwa atarejea. Kenya ilipatikana mwaka 2004 kwa kuwanunua Wafaransa wa Vivendi katika KenCell, na hapa Celtel ilirithi kasoro ambayo haikuiumba. KenCell, iliyoanza mwaka 2000, iliwalenga wateja wa maofisini na ikawa inatoza kwa dakika, ilhali Safaricom ilitoza kwa sekunde. Mwenye salio dogo, ambaye shida yake ni kusema «nimefika salama» na kukata, alijua mara moja ni wapi fedha yake ilikuwa inamezwa bure. Watu hao wa salio dogo ndio waliokuwa wengi, na Celtel ilipofika walikuwa wameshazoea namba za upande wa pili.

Kufikia 2005 wanahisa wa mwanzo walikuwa wanakaribia wakati wao wa kuondoka. Celtel ilikuwa inajiandaa kuuza hisa London, lakini kabla siku hiyo haijafika ikaja MTC, kampuni ya simu ya Kuwait, na takriban dola bilioni 3.4. Kampuni iliyokuwa na umri wa miaka saba na mitandao katika nchi 13 ikauzwa. Kama hapo ndipo unapoona kushindwa, msomaji wangu, mimi sioni. Waliowekeza walilipwa vizuri sana, na Ibrahim mwaka uliofuata akaanzisha taasisi yake ya utawala bora.

MTC, chini ya Saad Al-Barrak, ilikuwa na ndoto ya hatua tatu za miaka mitatu mitatu: kwanza kuwa kampuni ya ukanda wake, kisha ya kimataifa, kisha ya dunia nzima. Kwa mpango kama huo haikuwezekana kungoja minara ijae. Mwaka 2006 ilinunua asilimia 65 ya VMobile ya Nigeria kwa takriban dola bilioni moja, mtandao ambao ulianza mwaka 2001 kama Econet na ulikuwa umebadilisha majina kabla hata ya kuwa Celtel. Unayelalamikia majina matatu ya laini yako, wapo Wanigeria wanaokuzidi.

Kipindi hiki kilizaa wazo moja ambalo mpaka leo naliona kuwa bora kuliko yote yaliyowahi kutoka katika kampuni hii. Mwezi Septemba 2006 mitandao ya Kenya, Uganda na Tanzania iliunganishwa chini ya mpango ulioitwa One Network. Mfanyabiashara aliyevuka mpaka pale Namanga hakuhitaji tena kununua laini nyingine wala kuificha ile ya nyumbani mkobani. Alipigiwa bila kutozwa kwa kupokea, alipiga kwa bei ya wenyeji wa nchi aliyoingia, na salio likimwishia alinunua vocha ya Kenya akaiingiza kwenye laini ya Tanzania ikakubali. Linasikika dogo, lakini nyuma yake ilibidi mifumo ya kulipia kabla ya matumizi katika nchi tatu, yenye sarafu tatu na kodi tatu, ikubaliane kila sekunde juu ya salio la mtu mmoja. Mpango ulipanuliwa mwaka uliofuata kuelekea Kongo, Gabon na kwingineko. Wasimamizi wa mawasiliano Ulaya wakati huo walikuwa bado wanavutana na makampuni yao kuhusu gharama za kutumia laini nje ya nchi.

Mwaka 2007 MTC ikajiita Zain, neno la Kiarabu lenye maana ya uzuri, na mwaka 2008 jina la Celtel likafutwa Afrika. Mwaka huo huo msukosuko wa fedha wa dunia ulianza kuwabana wanahisa wa Kuwait. Upanuzi wa haraka ulikuwa umelipiwa kwa madeni, na wenye hisa wakubwa wakaanza kutafuta mnunuzi. Vivendi ilizungumza nao mwaka 2009 ikajiondoa. Al-Barrak akajiuzulu Februari 2010. Mwezi Juni mwaka huo Bharti Airtel ya India ikakamilisha ununuzi wa mitandao ya nchi 15 kwa dola bilioni 10.7, ambapo bilioni 1.7 kati yake zilikuwa madeni yaliyochukuliwa pamoja na mali. Linganisha na ile bilioni 3.4 ya miaka mitano nyuma, hata ukiongeza yale yaliyonunuliwa katikati.

Sunil Mittal wa Bharti alikuwa tayari amejaribu mara mbili, mwaka 2008 na 2009, kuungana na MTN ya Afrika Kusini bila mafanikio, na naamini hamu ile ya kuingia Afrika iliingia kwenye bei aliyokubali kulipa. Alikuja na kanuni iliyomtajirisha nyumbani: punguza bei ya dakika mpaka watu wazungumze bila kuhesabu, wakabidhi watengenezaji wa mitambo kazi ya kuendesha mtandao na IBM kazi ya kompyuta, kisha pata faida ndogo kwenye dakika nyingi mno. Lengo lilitangazwa wazi: wateja milioni 100 na mapato ya dola bilioni 5 kufikia Machi 2013.

Sasa twende Kenya, mwezi Agosti 2010, kwa sababu ndipo kanuni hiyo ilipogonga mwamba na ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Kila simu inapotoka mtandao mmoja kwenda mwingine, mtandao wa mpigaji humlipa mwenzake ada ya muunganisho. Julai mwaka huo Tume ya Mawasiliano ya Kenya iliishusha ada hiyo kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Mwezi uliofuata Zain, ambayo tayari ilikuwa mali ya Wahindi ingawa bado ilikuwa na jina la zamani, ikatangaza shilingi 3 kwa dakika kwenda mtandao wowote. Nchi ikashangilia. Lakini piga hesabu: mteja anapompigia mtu wa Safaricom, shilingi 2.21 kati ya zile 3 zinakwenda Safaricom. Zinabaki senti 79, ambazo kodi haijakatwa, dizeli haijanunuliwa, wala riba ya mkopo haijalipwa. Na kwa kuwa karibu wateja wanne kati ya kila watano nchini walikuwa wa Safaricom, simu nyingi zilikuwa ni hizo hizo za kuvuka. Bei nafuu iliwafanya wateja wa Airtel wazungumze zaidi, na kila dakika ya ziada ikazidi kumlipa mshindani. Upande wa pili, simu ya Safaricom kwenda Safaricom haikumlipa mtu mwingine hata senti.

Juu ya hayo kulikuwa na M-Pesa, iliyoanza Machi 2007. Zain ilileta Zap mwaka 2009, huduma yake ya kutuma fedha yenye uwezo wa kutosha, lakini mtu hatumi fedha mahali ambapo mama yake hana laini na duka la jirani si wakala. Kutuma fedha moja kwa moja kati ya mitandao ya Kenya kulikuja kuwezekana mwaka 2018, baada ya mazoea kuwa yameshajengeka. Airtel ilichukua wateja wa Yu, mtandao mwingine wa Kenya, mwaka 2014 ikaongeza idadi, lakini kwa miaka mingi tawi la Kenya liliendelea kuandika hasara. Kuwa na nchi 15 hakusaidii katika vita vya namna hii, maana ukubwa unaoamua mshindi hupimwa ndani ya mipaka ya nchi moja, kwa kuangalia nani ana watu wengi wa kupigiwa na mawakala wengi wa kutolea fedha. Uganda inaonyesha upande wa pili wa jambo hilo hilo: huko Airtel iliununua mtandao wa Warid mwaka 2013 ikawa na uzito wa kutosha kuikabili MTN uso kwa uso.

Lile lengo la 2013 halikufikiwa. Wateja milioni 100 walipatikana mwaka 2019, na mapato ya dola bilioni 5 yalivukwa katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2023, yaani baada ya muongo mzima. Katikati ya safari hiyo kampuni ilifanya lisilotajwa sana kwenye matangazo: ilipungua ili iweze kukua. Kuanzia 2014 iliuza maelfu ya minara yake na kuikodi tena, ikiwa ni pamoja na zaidi ya minara 4,700 ya Nigeria iliyokwenda American Tower, kampuni ya Marekani inayokodisha minara, kwa kiasi cha dola bilioni moja. Mwaka 2016 iliiuzia Orange ya Ufaransa mitandao ya Burkina Faso na Sierra Leone. Nchini Ghana iliungana na Tigo, na hatimaye mtandao huo wa pamoja ukakabidhiwa Serikali mwaka 2021 kwa dola moja. Mwaka 2018 iliwaingiza wawekezaji wapya waliotoa dola bilioni 1.25, na Juni 2019 Airtel Africa ikaandikishwa Soko la Hisa la London, kisha Lagos. Hisa zilishuka siku ya kwanza, lakini deni lilikuwa limepata nafuu. Ukitazama vizuri utaona kwamba ilikuwa imerudi palepale Celtel ilipokuwa inaelekea mwaka 2005: mtaji wa hisa, London.

Kilichofuata ndicho ukuaji wenye afya zaidi katika historia yote hii, na haukutokana na simu za sauti. Vifurushi vya data na Airtel Money vilibeba mzigo. Mwaka 2021 TPG, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, iliweka dola milioni 200 na Mastercard milioni 100 katika biashara ya fedha pekee, kwa hesabu iliyoipa thamani ya dola bilioni 2.65. Kwa wakala wa kijijini huduma hii haihitaji mnara mpya, na fedha inayozunguka ndani ya mtandao huleta ada kila inapohama, ndiyo maana wawekezaji waliitaka peke yake.

Ugonjwa wa sarafu, hata hivyo, haujapona. Mwezi Juni 2023 Nigeria iliiachia naira ishuke, na kampuni ikamaliza mwaka ulioishia Machi 2024 ikiwa na hasara ya dola milioni 89, ilhali wateja walikuwa wameongezeka hadi milioni 152 na ushei. Ukifungua taarifa zake za fedha utakuta safu mbili za ukuaji, moja kwa dola na nyingine kwa thamani ya sarafu isiyobadilika. Ya pili inakueleza kama watu wanatumia mtandao zaidi. Ya kwanza inakueleza kama madeni ya dola na mitambo inayoagizwa nje vitalipika. Magazeti hupenda kunukuu ile inayopendeza kwa siku hiyo, kwa hiyo nakushauri uzisome zote mbili kwa pamoja.

Nilisema mbia wa Tanzania atarejea. Desemba 2017 Rais Magufuli alidai kwamba kampuni hiyo kwa haki ilikuwa mali ya TTCL, na mvutano uliofuata ulimalizika Januari 2019 kwa makubaliano yaliyopandisha hisa za Serikali kutoka asilimia 40 hadi 49. Laini yako ya Arusha, kwa hiyo, ni ya kampuni ambayo karibu nusu yake ni mali ya Serikali yako, na asilimia 51 ni ya Airtel Africa, ambayo nayo kwa sehemu kubwa inamilikiwa na Bharti huku hisa zake nyingine zikiuzwa na kununuliwa London na Lagos kila siku ya kazi. Mabadiliko ya jina yaliyopita yalikuja kampuni nzima ilipouzwa kwa mkupuo mmoja. Sasa mwenye hisa anayechoka anaweza kumuuzia mwingine sokoni, na wewe usijue.